Kwa Nini Nilivunja Risasi za Msimu Mzima

Mwalimu wa kwaya ya vijana hapa Gare aliniomba niwaandikie kitu cha kuwajenga. Aliniambia, "Mzee Titus, andika kuhusu kazi yako, ila mambo ya bunduki uyapunguze kidogo, hawa bado watoto." Nimemsikia, na ninamheshimu. Kwa hiyo naanza na bunduki.

Kazi yangu, mpaka siku niliyostaafishwa, ilikuwa kuchagua na kujaza risasi za kuwindia wanyama wakubwa. Angalieni vizuri: sikuwa mwindaji. Mnyama pekee niliyemuua kwa mkono wangu ni kuku wa Krismasi, na hata huyo mke wangu hudai namshika vibaya. Wengine walifyatua, wengine walipigwa picha wameegemea pembe. Mimi nilikaa karakana huku juu Lushoto, nyuma ya mikaratusi, sweta mwilini, nikihakikisha kwamba kitakachotoka kwenye mtutu kule nyikani kitafanya kile kilichokusudiwa. Najua baadhi yenu mnaona uwindaji ni dhambi. Binti yangu mwenyewe huniambia hivyo kila Pasaka. Oneni mnavyotaka. Sikushika kalamu kuomba radhi kwa kazi iliyomsomesha binti huyo huyo.

Na kabla hamjaanza kutafuta baruti: tajiri wa kampuni yetu, ambaye jina lake naliacha lipumzike, alikuwa na kibali cha serikali cha kujaza risasi zake. Askari walikuja kukagua stoo, na kila kopo lilijulikana lilikotoka. Kijana atakayejaribu kazi hii chumbani kwake kwa kuangalia simu, huyo si fundi, ni marehemu ambaye hajapangiwa tarehe. Tajiri aliipenda baridi ya Lushoto, ndiyo maana karakana ikawa huku juu ilhali kitalu cha kuwindia kilikuwa mbali kule chini, safari ya kutwa nzima kutoka Mombo. Shikeni hilo, maana balaa lote nitakalowasimulia lilitoka hapo. Risasi zetu zilizaliwa kwenye ukungu, kisha zikaenda kufanya kazi kwenye jua.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kitakoni pa ganda kuna fataki, kikofia kidogo kinachogongwa kikawasha moto. Ndani kuna baruti. Na mdomoni kuna kichwa, ndicho kinachoruka na kumwingia mnyama. Mtu akisema "nipe risasi", anakuwa hajasema kitu. Ni kama kwenda sokoni ukasema "nipe chakula".

Aliyenifundisha ni Mzee Hoza, mzee wa Kiislamu kutoka upande wa Mlalo, mwembamba, mwenye vidole virefu na hasira fupi. Siku yangu ya kwanza sikupewa mashine. Alinipa nyanya iliyoiva na kiazi kibichi, akaniambia nivirushe kwenye mlango wa karakana kwa nguvu zangu zote. Nyanya ilipasuka ikasambaa mlango mzima. Kiazi kiligonga, mbao ikapata kovu, kikaanguka kikiwa kizima.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mzee. Mlango umechafuka."

"Mlango utauosha wewe. Nyanya ni risasi laini. Ikiingia mwilini inafunguka, inatawanya nguvu yake yote hapo hapo. Ni ya pofu, kuro, pundamilia, wanyama wa ngozi nyembamba. Kiazi ni risasi ngumu. Haifunguki, inavunja mfupa na kuendelea na safari. Hiyo ni ya nyati na tembo. Ukimpa nyati nyanya kwenye bega, unamkasirisha tu."

Niliuosha mlango. Mpaka leo nikiona nyanya zimepangwa sokoni namkumbuka yule mzee.

Wageni wengi waliotujia hawakumpata Mzee Hoza wa kuwafundisha. Alikuja mmoja na bunduki ndogo iendayo kasi mno, na vichwa vyepesi vyenye ncha ya kupendeza. Alituambia kasi ndiyo kila kitu. Mwindaji bingwa, yaani yule mwenye leseni ya kuongoza wageni, alimshauri, hakusikia. Alimpiga nyati begani. Kile kichwa kilivunjika juu juu kwenye nyama, hakikuufikia hata mfupa, na watu wakashinda mchana kutwa wakimfuata mnyama mwenye maumivu na kisasi. Mwingine alikuja na bunduki kubwa kuliko kimo chake. Kila alipotaka kufyatua alifumba macho yote mawili kwa kuogopa teke lake. Huyo nilimjazia risasi zenye nguvu ya wastani bila kumtangazia, akaanza kupiga vizuri, akajisifu kambi nzima. Mzee Hoza alisema mwache ajisifu, mtu mwenye furaha halengi vibaya.

Lakini msidhani risasi ngumu haina ubaya wake. Inapita. Ukiipiga kwenye kundi, inatoka kwa nyati uliyemkusudia na kumwingia aliye nyuma yake, ambaye hukumwona wala hukumlipia kibali. Kwa hiyo tuliwaambia wageni: kabla hujafyatua ngumu, angalia anayesimama nyuma. Leo naona vijana kwenye simu wanabishana bunduki ipi ina nguvu zaidi, wana darubini zinazopima umbali na upepo. Vyema. Hazipimi kilichosimama nyuma ya nyati.

Sasa niwaambie kuhusu kimya cha Mzee Hoza.

Huku kwetu mnajua salamu ilivyo. Mtoto asiyetoa shikamoo huulizwa kwao ni wapi, na mkubwa asiyeitikia huonekana ana kiburi au ana jambo moyoni. Mzee Hoza alikuwa na sheria moja: kopo la baruti likiwa wazi mezani, hakuna kusema. Si salamu, si pole, si "njoo ule". Na kopo liwe moja tu mezani, maana makopo mawili ya baruti tofauti yakichanganyika, anayelipia ni mtu wa mbali ambaye hakuwepo. Ukiongea unasahau kama ganda hili umeshalitia baruti au bado. Ukilitia mara mbili, bunduki inampasukia mtu usoni.

Siku moja aliingia mkwe wake, mama mzaa mke, ameshuka kutoka Mlalo kwa miguu na kapu la mapeasi. Alisimama mlangoni, akamsalimia. Mzee Hoza alikuwa na kijiko cha baruti mkononi. Hakuinua hata macho. Mama akarudia, safari hii kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo hata mimi ilinitoboa. Kimya. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Alimalizia trei yake, akamulika tochi ndani ya kila ganda kuhakikisha baruti imekaa usawa mmoja, akafunika kopo, ndipo akainuka na kumwamkia mkwe wake kwa adabu zote za ukweni. Mama alikuwa ameshafika barabarani. Ilibidi wazee wakae, na Mzee Hoza akatozwa mbuzi. Alimtoa bila kinyongo. Kesho yake mgeni mwingine alisalimia kopo likiwa wazi, naye hakuitikia.

Habari ile ilienea Lushoto nzima, na kuanzia hapo kila aliyeingia karakana alichungulia kwanza mezani. Kopo likiwa wazi, alisubiri mlangoni mikono nyuma, awe tajiri, awe askari, awe padri. Mtindo ule niliurithi pamoja na meza.

Nilirithi na jingine, na hili halina kichekesho. Kabla sijakabidhiwa meza, nikiwa bado wa kufagia na kusafisha maganda, tulijaza risasi mwezi wa saba, ule wakati ambao huku juu pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Tukazijaribu hapo nyuma ya karakana. Zilipiga vizuri sana. Zikashuka nyikani. Huko zikakaa kwenye mikanda na kwenye gari juani mpaka ganda likawa haligusiki. Baruti ya aina ile ikipata joto inawaka kwa ukali zaidi kuliko ulivyoipima ikiwa baridi. Mwindaji bingwa alimpiga nyati risasi ya kwanza, akavuta bolti, lile komeo la bunduki, ili aingize ya pili, bolti ikagoma. Ganda lilikuwa limevimba na kung'ang'ania ndani. Aliipiga bolti kwa kiganja, akaipiga kwa kisigino cha kiatu, akaipiga kwa gogo. Nyati hakumsubiri amalize ufundi. Treka, yaani msoma nyayo, ambaye kazi yake ni kutembea mbele ya wote bila bunduki, alivunjwa nyonga. Aliishi, lakini hakutembea tena bila magongo.

Mzee Hoza alipopata habari alikwenda kwanza hospitali, akakaa kando ya kitanda cha yule mtu. Sijui walizungumza nini. Aliporudi alichukua risasi zilizobaki, akashuka nazo Mazinde, huko chini kwenye joto, kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, akazianika juu ya jiwe mpaka saa ya jua kali kabisa, ndipo akazifyatua. Bolti ikagoma vile vile. Alinionyesha fataki zilivyobapa kama zimepigwa pasi. Baruti ikizidi nguvu ndivyo inavyokuambia, kama utaangalia. Kuanzia siku ile hakuna risasi iliyotoka karakana yetu kabla ya kushuka Mazinde kwanza na kuonja jua. Ndugu zangu wa milimani, kosa hili ni letu. Mtu wa Mazinde asingeweza kulifanya hata angetaka.

Mzee Hoza alipofariki niliketi kwenye kiti chake. Mengine nilijiongezea mwenyewe. Nilikuwa na waya wa spoku ya baiskeli niliopinda ncha, nikiuingiza ndani ya kila ganda la zamani na kuupapasa ukutani. Ukikwaruza kwenye kijimfereji karibu na kitako, ganda hilo limechoka, litakatika siku moja ndani ya bunduki. Unalitupa hata kama kwa macho linang'aa. Tajiri alilalamika kwamba natupa mali. Nilimwambia akitaka aokote.

Wakati huo treka wetu alikuwa Mbelwa, mume wa dada yangu Anna. Kwa hiyo risasi zangu zilipokwenda nyikani zilikwenda nyuma ya mgongo wa shemeji yangu. Mbelwa alisoma nyayo kama ninyi mnavyosoma ujumbe wa simu. Angeweza kukuambia nyati huyu anachechemea, huyu amelewa maji, huyu ana hasira na ndugu zake. Alikuwa na maneno mengi kupita kiasi, na majivuno, na nilimpenda. Kila msimu alipoondoka Anna hakuniambia "mwombee". Aliniuliza tu, "Zimeshuka Mazinde?" Nikimjibu ndiyo, anaendelea na shughuli zake.

Msimu wangu wa mwisho baruti tuliyoizoea haikupatikana. Ikaja ya aina nyingine, kopo jipya, rangi tofauti, punje tofauti. Nilianza nayo chini kabisa na kupanda polepole kama mtu anayekwea kwenye utelezi. Nilizijaribu hapo nyuma, katika baridi ile ile ya mwezi wa saba, na zilipiga vizuri. Sikatai. Zilikuwa risasi ngumu za nyati za msimu mzima, zimepangwa kwenye maboksi, zinapendeza. Ikabaki kushuka nazo Mazinde.

Meneja wetu aliitwa Bwana Ombeni, kijana wa Same, mpole, anayelipa watu kwa wakati. Asije mtu akaniambia nimemchora kama shetani. Aliingia asubuhi akachungulia meza, akaona kopo limefunikwa.

"Shikamoo, Mzee Titus."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgeni amewahisha safari. Gari linashuka kesho alfajiri, na zile za nyati ziwemo."

"Hazijaonja jua."

"Mzee wangu, juzi nilikuwa hapa ukizipiga. Zote zimeingia karibu shimo moja."

"Ziliingia wewe ukiwa umevaa koti."

Alicheka. "Basi tuziweke kwenye friji ya gari, pamoja na soda."

"Zikishaingia kwenye bunduki, na bunduki utaiweka kwenye friji? Na nyati je, tumwombe asubiri zipoe?"

Tulicheka wote. Kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye kiti cha wageni. "Mzee, kwenda Mazinde ni kuomba ruhusa ya uwanja upya, na aliyekuwa anaisaini yuko likizo. Mgeni yuko angani. Askari wa wanyamapori ameshapangwa. Nikisema tusubiri, nitaulizwa mimi."

"Na zikigoma, Mbelwa atamuuliza nani?"

"Mbelwa mwenyewe hana wasiwasi. Muulize, yuko nje."

Nikatoka. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi na begi lake tayari, anatafuna muwa. Nilimweleza yote, baruti mpya, jua, bolti. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini ya jirani.

"Shemeji," akasema, "nimeziona nyayo za yule nyati mwezi uliopita nilipokwenda kukagua njia. Dume la peke yake. Kwato zake nikiweka kofia yangu, inaingia. Toka nianze kazi hii sijapata kuona. Ananisubiri mimi. Usinitie nuksi."

"Sikutii nuksi. Nataka siku moja tu ya jua."

"Mgeni hana siku moja. Na mimi nimetembea mbele ya bunduki kabla wewe hujapewa ufagio. Kila mara ulisema hatari, kila mara nimerudi."

"Umerudi kwa sababu zilikuwa zimeshuka Mazinde!"

"Nimerudi kwa sababu ni Mbelwa," akasema, akatema kapi la muwa.

Niliogopa, vijana. Niseme wazi. Sikuogopa kufukuzwa kazi, nilikuwa na shamba la viazi na miti ya maplamu. Niliogopa kwamba walikuwa watatu wanaosema ndiyo, meneja, mgeni na huyo huyo atakayekufa, na mimi peke yangu ndiye niliyesema hapana. Ukiwa peke yako hivyo unaanza kujiona una kichaa. Nilijiuliza kama baruti hii mpya pengine haijali joto, ziko za namna hiyo. Sikujua. Hilo ndilo lililonikata: sikujua, na hakuna aliyejua, na ungejua kwa kwenda Mazinde tu.

Kukataa kutoa funguo kusingesaidia. Bwana Ombeni alikuwa nazo nyingine. Kujiuzulu ndiyo kabisa, ningekuwa nimejisafisha mimi tu, risasi zikaenda.

Nilirudi ndani. Bwana Ombeni alikuwa amekwenda ofisini kupiga simu. Nikatoa maboksi yote kwenye kabati, nikachukua nyundo ya kung'olea, ile yenye kichwa chenye shimo. Unaingiza risasi humo, unagonga kwenye gogo, na kichwa cha risasi kinachomoka chenyewe pamoja na baruti yake. Nikavuta kopo lile jipya katikati ya meza, nikalifungua wazi kabisa. Kisha nikaanza. Ko! Kichwa kwenye bakuli, baruti kwenye kopo, ganda kwenye trei. Ko! Nyingine.

Bwana Ombeni aliisikia nyundo akaja mbio. Alifika mlangoni na mdomo umeshafunguka. Akaona kopo liko wazi.

Akaufunga mdomo.

Kijana yule alikuwa amelelewa na karakana ile. Alikuwa amewahi kumwona tajiri mwenyewe akisubiri pale mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule. Aliweka mikono nyuma akasimama. Nilimwona anavyopumua. Mara moja alinyanyua kidole, akakishusha. Nyuma yake akaja Mbelwa na muwa wake, naye akaanza, "Shemeji, una...", na Bwana Ombeni, meneja wa watu, akamwekea kidole mdomoni amnyamazishe. Nami niliendelea, boksi baada ya boksi. Sikuharakisha. Ukiharakisha kazi ya baruti unakosea, na sikutaka mtu aseme baadaye kwamba nilifanya kwa hasira. Niliifanya kama nilivyofanya kazi zote, nikamulika tochi kwenye kila ganda kuhakikisha limebaki tupu.

Baada ya ganda la mwisho nikafunika kopo. Nikamgeukia.

"Karibu, mwanangu."

Alisema kwa sauti ndogo. "Mzee Titus, unajua nitalazimika kufanya nini."

"Najua. Funguo hizi hapa."

"Ungeniambia..."

"Nilikuambia."

Mbelwa hakuniaga. Nilipanda kwenda Gare siku ile ile na sweta langu na ule waya wa spoku, ambao kwa kweli ulikuwa mali yangu. Wenzangu hustaafu kwa sherehe na kukabidhiwa saa ya ukutani. Mimi nilistaafu nikiwa nanuka baruti, na sikuwahi kutembea njia ile nikiwa nimenyooka mgongo kama siku hiyo.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba nilikuwa sahihi. Sitawaambia, kwa sababu sijui. Lile kopo la baruti lilirudishwa lilikotoka. Mgeni aliwinda pofu kwa risasi laini alizokuja nazo, akaridhika na kuondoka. Nyati wa Mbelwa hakufuatwa na mtu, na mvua zilipokuja akahama na nyayo zake. Pengine zile risasi zingefyatuka juani vizuri kabisa, na shemeji yangu angerudi shujaa. Pengine. Wenzangu wa karakana walisema Titus amezeeka, ameingiwa na woga. Mmoja alinitania mbele ya kanisa kwamba mimi ndiye mtu pekee Usambara aliyemshinda nyati kwa nyundo.

Ndugu waliitisha kikao. Mbelwa alisimama akasema nimemdhulumu nyati wa maisha yake. "Hakuna ushahidi kwamba zingegoma!" alisema, akipiga kifua.

"Kweli," nikajibu, "hakuna."

"Basi umekubali!"

"Nimekubali hakuna ushahidi. Ushahidi ungekuwa ni wewe."

Walipiga kelele wote kwa pamoja, wengine upande wake, wengine upande wangu, mpaka Anna akaingia na sufuria. "Gombaneni," akasema, "ila mgombane mkila, viazi vinapoa." Alipakua. Alianza na sahani yangu kabla ya sahani ya mumewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na Mbelwa aliliona hilo na kununa msimu mzima.

Msimu uliofuata Bwana Ombeni alimleta fundi mwingine. Nilisikia, tena kwa Mbelwa mwenyewe akiwa katikati ya kulalamika, kwamba siku hizi meneja hutenga siku za Mazinde kabla hata mgeni hajakata tiketi. Hakuja kunisalimia wala kuniambia pole. Hadaiwi na mimi kitu. Baadaye karakana ilifungwa, na sasa makampuni huleta risasi zilizojazwa kiwandani, na ni nzuri.

Ninyi mtakwenda kazini, wengine mabasi, wengine dawa za hospitali, wengine nyaya za umeme. Itafika siku utaona jambo ambalo halijapimwa, na wote wanaohusika wanasema twende, pamoja na yule atakayeumia. Ukilizuia, utatakiwa utoe ushahidi wa ajali ambayo hukuiacha itokee, na hutakuwa nao. Watakucheka mpaka uzeeni. Zuia hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita Mbelwa alikuja hapa nyumbani baada ya misa, kama anavyokuja kila Jumapili, akakaa na wajukuu wangu na wake, akaanza habari ya nyati wake. Pembe za yule mnyama, ambazo hakuna mtu aliyepata kuziona, hukua kila mwaka. Safari hii alinyoosha mikono yote miwili kuonyesha upana wake, akakiangusha kikombe, chai ikamwagika mkekani. "Ningempata!" aliwaambia watoto. "Ningempata, na babu yenu huyu hapa ndiye aliyeninyima!"

Watoto wote waligeuka wakanitazama kwa lawama. Nikawaambia ni kweli, ni mimi, na ningerudishwa leo ningezivunja tena zote. Kisha nikaokota kikombe cha shemeji yangu, nikakipangusa, nikamjazia chai nyingine ili aendelee kunisema.